Sukari ya Mtu Asiyekula

Kwenye jiko la msikiti wa mtaa wa Southend, mjini Dearborn, Marekani, sufuria ya supu ya futari haikuteremshwa motoni mpaka ionjwe, na kwa miaka mingi mwonjaji alikuwa mmoja. Muhsina Al-Ashwal alichovya kijiko cha mbao, akakigusisha ncha ya ulimi, akafumba macho kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni barazani. Kisha akageukia sinki, akatema, akasukutua, akatema tena. Hapo ndipo alipotoa hukumu.

"Ngano bado. Chumvi imetosha, asiongeze mtu."

Hakuna aliyeongeza. Dini inamruhusu mpishi aliyefunga kuonja, ilimradi kisipite kitu kooni, lakini ruhusa ni jambo moja na moyo kutulia ni jambo jingine. Wanawake wa jiko lile, wengi wao wazaliwa wa milima ya Ibb kule Yemen, waliziogopa ndimi zao wenyewe. Supu ya mifupa, jioni, tumbo likiwa tupu tangu alfajiri, si kitu cha kukisogelea ovyo. Kazi hiyo wakamwachia mtu ambaye saumu yake haikuwahi kutiliwa shaka. Muhsina alianza kufunga akiwa na miaka tisa. Alifunga akivuna mtama, alifunga akinyonyesha, alifunga mwaka ule aliomzika mumewe Abdo. Nguo ikifuliwa ikatakata, wanawake wa mtaa walisema imekuwa safi kama saumu ya Muhsina.

Ramadhani hiyo ilikuwa imeangukia Juni, wakati jua la Michigan linapogoma kutua hadi saa tatu usiku. Jiko lilikuwa chini ya ardhi, bila dirisha la maana, na feni moja iliyozungusha joto lile lile.

"Mama Mahyub, umekonda!" Warda alimwambia Muhsina huku akikunja sambusa. Warda alikuwa jirani yake na mshika upawa wa pili pale jikoni. "Ramadhani imekupenda. Sisi wengine tunanenepa kama kuku wa kufungiwa."

"Nyinyi mchana mnafunga, usiku mnalipiza kisasi."

"Na huko chooni unakokwenda kila mara, kuna mchumba?"

"Kuna kibofu cha bibi wa miaka sitini na mbili. Kikunje kwenye sambusa yako."

Walicheka, naye akacheka, akishikilia ukingo wa meza. Kiu ya mwaka huu ilikuwa na meno. Alijua kiu ya kufunga, waliishi pamoja tangu utotoni kama mtu na nduguye mkorofi, lakini hii hakuijua. Ilimwamsha usingizini hata akiwa ametoka kunywa. Na lile la chooni lilimshangaza: mtu asiyekunywa tone tangu alfajiri, maji yote haya yanatoka wapi? Alijiambia ni joto.

Alikuwa na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Zahanati ya mtaa ilimpa kalamu mbili za insulini, moja ya kujidunga usiku, kila siku, na nyingine ya kujidunga pamoja na mlo. Kabla ya mwezi kuandama daktari alimwambia mwaka huu asifunge, alishe maskini, Mungu ameshamsamehe. Muhsina alimjibu inshallah, na ilikuwa inshallah ya namna ambayo daktari yeyote aliyezoea Dearborn angeitambua kuwa ni hapana.

Kilichomwogopesha si kisukari. Kilichomwogopesha ni sindano. Ramadhani iliyopita alijidunga kipimo chake kizima baada ya daku, kama siku nyingine zote, akafunga. Wakati wa sala ya adhuhuri, katika rakaa ya pili, zulia lilimjia usoni. Alilowa jasho, mikono ikamtetemeka, ulimi ukawa mzito kama si wake. Mahyub, mwanawe, alimbana taya akammiminia maji ya machungwa, na saumu ya mchana ule ikavunjika mbele ya wajukuu. Kutokana na anguko lile Muhsina alijifunza somo, nalo lilionekana halina dosari: sindano kazi yake ni kupigana na chakula. Ikikosa chakula cha kupigana nacho, inampiga mwenye mwili. Kwa hiyo mwezi ulipoandama mwaka huu alizisukuma kalamu zote mbili nyuma ya chupa ya pilipili kwenye mlango wa friji, akaziacha huko. Hakumwambia mtu. Aliona amelitatua jambo lake kimyakimya, kama mwanamke mzima.

Ibtihal, mke wa Mahyub, ndiye aliyemwona ameegemea ukuta wa ukumbi jioni moja kabla ya kuteremka msikitini. Ibtihal alifanya kazi kwenye duka la dawa. Alileta mashine ya sukari na kukaa kitandani kwa mkwewe.

"Lete kidole, mama."

"Damu inavunja saumu."

"Haivunji. Imamu alilisema Ijumaa, nawe ulikaa mbele yangu kabisa."

"Nilikuwa nasinzia."

"Basi mimi sikusinzia. Lete kidole."

Mashine ilionyesha mia tatu kumi na nane, na mtu mwenye afya aliyefunga hukaa karibu na mia moja. Ibtihal akaitazama, akamtazama mkwewe. Akampeleka bombani, akamnawisha mikono kwa sabuni kama mtoto, maana mtu aliyeshika tende huweza kuidanganya mashine. Akapima kidole kingine. Mia tatu ishirini na nne.

Mahyub aliingia akiwa bado na viatu vya kiwandani. Aliisoma namba akiwa amesimama. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliofanya mambo yawe mabaya zaidi.

"Si kitu, mama," alisema. "Aliyekula kwa kusahau, Mungu ndiye aliyemlisha. Endelea na saumu yako, haikuharibika."

"Nimesahau nini?"

"Labda kule jikoni. Unaonja sufuria ngapi?"

"Mahyub, sijala."

"Sijasema umekula. Nasema labda imepita. Mara moja hivi, bila kujua."

"Ulimi wangu naujua kuliko ninavyokujua wewe. Sijala."

"Mama, ni mia tatu na zaidi." Alimwonyesha mashine, kana kwamba hakuiona. "Sasa hii imetoka wapi? Sukari haioti mwilini kama nywele."

Muhsina angetukanwa, angejua la kusema. Amewahi kutukanwa na watu wanaojua kutukana. Lakini hili la kusamehewa kosa asilolitenda lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Baya zaidi, swali lile lilikuwa swali lake pia. Imetoka wapi? Mambo ya kalamu hayakumjia hata akilini. Kalamu ni za chakula, naye hajala, zinaingiaje hapa?

Ibtihal hakuwa mbea. Alimpigia dada yake simu kwa sababu alikuwa na hofu na alitaka ushauri. Dada yake akamuuliza mama mkwe wake. Mama mkwe huyo alikuwa mmenya vitunguu wa jiko la msikiti.

Siku ya pili yake Muhsina aliposhuka ngazi, kijiko cha mbao kilikuwa mkononi mwa Warda.

"Leo pumzika, Mama Mahyub," Warda alisema bila kugeuka. "Mimi nitaonja."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Hakuna. Basi tu. Ulimi nao unahitaji likizo."

Mtu mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake, akanyamaza. Muhsina aliwatazama mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kukoroga.

"Warda, sema mbele yangu."

Warda akamvuta pembeni, karibu na magunia ya ngano. "Mimi najua ni maradhi, shoga yangu. Wallahi najua. Lakini mtu mwenye sukari anashikwa na njaa ambayo sisi hatuijui, si ndiyo? Hata kama imekuteleza, hakuna wa kukulaumu. Ila watu wanafuturu kwa supu hii. Wanataka moyo utulie."

"Moyo wa nani?"

Warda akarudi kwenye sufuria. Muhsina akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamenya vitunguu saumu mpaka kucha zikamwaka moto. Usiku ule supu ilikuwa na chumvi nyingi, na wanaume wakainywa bila neno. Hilo halikumfariji. Alirudi nyumbani akalala macho, akiirudia ile hesabu isiyokubali: hakuna kilichoingia, sukari imepanda. Ama mashine ni mwongo, au yeye. Na watu wameshachagua.

Kabla ya mapambazuko alikuwa amekata shauri. Hakugusa daku, asije mtu akasema chakula cha daku kilikuwa bado tumboni. Alikunywa funda moja la maji, akanuia, akamngoja Ibtihal atoke chumbani.

"Leo ni mapumziko yako. Hutoki," alimwambia. "Utakaa na mimi mpaka alasiri. Nikikaa, kaa. Nikienda chooni, njoo usimame mlangoni."

"Mama, mambo gani haya?"

"Nilinde kama mfungwa. Kisha upime, na ukishapima umwambie mume wako ulichokiona kwa macho yako. Si kingine. Nataka hicho tu."

"Sisi hatukusema wewe ni mwongo."

"Hamkusema. Mlinisamehe."

Walikaa kwenye jiko la nyumbani, wawili hao, huku watoto wakiwa shuleni na moshi wa kiwanda cha chuma ukipita juu ya mapaa kama kawaida. Ibtihal alitandaza nguo mezani akazikunja. Muhsina aliiweka mikono yake juu ya meza, mahali inapoonekana. Kipimo cha asubuhi kilisema mia mbili tisini na sita.

"Hujala daku?" Ibtihal aliuliza.

"Sijala."

"Ningesikia ungefungua friji. Nilikuwa macho." Akaitazama namba tena. "Sielewi."

"Usielewe. Shuhudia tu."

Karibu na adhuhuri tumbo lilianza kumkata Muhsina, akasema ni njaa. Midomo ilikuwa imekauka ikapasuka. Mashine iliposema mia tatu sabini na moja, alipiga meza kwa kiganja, na usoni mwake ukapita mwanga ambao mkaza mwanawe hakuwa ameuona tangu mwezi uanze.

"Umeona? Umeona, Ibtihal? Nimeweka nini mdomoni?"

"Hujaweka kitu."

"Na imepanda!"

"Imepanda, mama." Ibtihal hakuwa anafurahi. Alikuwa ameinama karibu, na alikuwa amesikia harufu. Pumzi ya mkwewe ilinuka kama tofaa lililosahauliwa kapuni, na ilitoka kwa nguvu, ndefu, kama ya mtu aliyepanda mlima. Kwenye duka la dawa kazi yake ilikuwa kuhesabu vidonge na kubandika majina, si kutibu, lakini mtu akisimama kaunta kwa miaka husikia mengi. "Mama, sindano ya usiku wa jana ulijidunga?"

"Nijidunge kwa chakula gani?"

"Ile ya usiku si ya chakula. Ya juzi je?"

Muhsina alitazama mikono yake. Ibtihal akainuka, akafungua friji, akasogeza mtindi, akasogeza chupa ya pilipili. Alizitoa kalamu mbili akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa zimejaa hadi mwisho.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uandame."

"Ya Rabi. Mama! Fungua saumu. Sasa hivi."

"Mahyub aje kwanza."

"Mahyub atakukuta maiti!"

"Basi atanikuta maiti aliyefunga. Mpigie. Mwambie hivi: nilikuwa naye tangu alfajiri, hakula. Sema hivyo hivyo, usiongeze."

Ibtihal alipiga simu mbili, ya kwanza kwa gari la wagonjwa. Alipomaliza ya pili Muhsina alikuwa ameteleza kutoka kitini, ameketi sakafuni, mgongo kwenye mlango wa oveni, anatapika maji ya kijani ndani ya bakuli la unga. Mashine, ilipogusishwa damu kwa mara ya mwisho, haikutoa namba tena. Ilisema tu kwamba kiwango kimepita uwezo wake.

Mahyub na wahudumu wa gari walifika karibu pamoja. Alipiga magoti kwenye matapishi bila kuyaona.

"Mwambie," Muhsina alisema, akimtazama Ibtihal.

"Hajala kitu," Ibtihal alisema akilia. "Hata maji. Nilikuwa naye."

"Najua, mama, najua. Twende."

"Hukujua," alisema Muhsina, na ndilo neno lake la mwisho alilolikumbuka baadaye. Saumu yake ilifunguliwa ndani ya gari, kwa dripu mkononi, jua likiwa juu kabisa.

Daktari aliyemjia kesho yake hospitalini alikuwa kijana wa Kilebanoni, Dokta Haidar, mwenye macho ya mtu aliyekesha. Kwanza aliuliza kilichotokea. Mahyub akaanza kueleza, daktari akamnyamazisha kwa mkono. Alitaka kusikia kwa mgonjwa. Muhsina alieleza yote, na anguko la mwaka jana, na kalamu nyuma ya pilipili.

"Mama, nani alikwambia sukari inaingilia mdomoni tu?"

"Nani aliniambia inapita kwingine?"

"Kweli," daktari alisema. "Pengine hakuna. Hilo ni kosa letu." Akavuta kiti. "Kwenu Ibb mlihifadhi vipi nafaka?"

"Tulichimba shimo, tukafukia mtama. Mwaka wa njaa tunafukua."

"Na ini lako ndivyo lilivyo. Ukila, linafukia sukari. Usipokula saa nyingi, mwili haujui kama ni Ramadhani au ni njaa ya kufa. Unajua tu kwamba chakula hakiji. Basi kongosho linatoa homoni inaitwa glukagoni, kazi yake kuliambia ini: fukua. Ini linamwaga sukari kwenye damu ili ubongo usizimike. Mtu yeyote anayefunga hutokewa na hilo. Mimi hapa limenitokea, nami nimefunga."

"Mbona wewe hulali kitanda hiki?"

"Kwa sababu kwangu kuna mlinzi mdomoni mwa shimo. Insulini. Hata mtu asipokula chembe, insulini kidogo inahitajika mchana na usiku, kuliambia ini basi, imetosha, na kuifungulia sukari njia iingie kwenye nyama za mwili. Wewe mlinzi wako mwenyewe amedhoofika, ndiyo maana tunakupa wa sindano. Nawe ukamfungia kwenye friji."

Muhsina alivuta shuka mpaka kifuani.

"Ini likafukua, likafukua, hakuna wa kulizuia. Sukari ikajaa damuni na mwili wenyewe haupati kitu, kama mtu mwenye ghala asiye na ufunguo. Ikabidi mwili uchome mafuta yake. Ndiyo maana ulikonda. Majivu ya mafuta hayo ni asidi, na ndiyo harufu aliyoisikia mkaza mwanao. Sukari iliyozidi nayo inatokea kwenye mkojo, inaburuta maji yote ya mwili. Kiu ile haikuwa ya saumu." Alikunja ukurasa wa faili bila kuusoma. "Siku mbili hizi ulilala?"

"Kidogo."

"Ulikuwa na hasira?"

Alimtazama Mahyub aliyesimama miguuni mwa kitanda. "Kidogo."

"Hasira na kukosa usingizi vina homoni zake, nazo zinaliambia ini neno lile lile. Na alfajiri homoni za kuamka huongezea."

"Basi na mwaka jana? Nilijidunga, nikaanguka."

"Mwaka jana mlinzi alipewa rungu la kumlinda mtu anayekula mchana kutwa. Akapiga kupita kiasi, sukari ikashuka mno. Kipimo kilitakiwa kupunguzwa na saa kubadilishwa. Wapo wagonjwa wa kisukari wanaofunga hivyo, chini ya uangalizi." Alisita. "Lakini wewe, mama, baada ya kuanguka mwaka jana na hili la mwaka huu, sitakudanganya. Usifunge tena. Si mwaka huu tu."

Alimwambia hivyo kwa heshima, akimpa nafasi ya kulia. Muhsina hakulia. Aliuliza kama anaweza kupewa maji ya kutawadha.

Daktari alipotoka Mahyub aliketi kwenye kile kiti, akaushika mkono usio na dripu.

"Nisamehe, mama. Sasa nimejua hukula."

"Nani kakwambia?"

"Daktari. Umemsikia."

"Na kabla ya daktari?"

"Ibtihal."

"Na kabla ya Ibtihal?"

Mahyub akainamisha kichwa. Mkono wake hakuuondoa, na Muhsina hakuuondoa wake. Wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja kutoa damu nyingine.

Alirudi nyumbani Ramadhani ikiwa katika kumi la mwisho. Ibtihal alisimamia sindano sasa, asubuhi na usiku, na adhuhuri alimwekea sahani ya wali na kuku akamfungia mlango asionekane na watu. Chakula cha adhuhuri ndani ya Ramadhani. Muhsina alitafuna akiwa ameupa mgongo ukuta wa kibla, na kila tonge lilishuka kwa kusukumwa. Fidia ya kulisha maskini ilikuwa imeshatolewa. Alijua hukumu, aliijua hata kabla ya daktari: mgonjwa hana dhambi, na anayejidhuru ndiye mwenye dhambi. Alikuwa amewaeleza wengine maneno hayo mara nyingi, kwa sauti ya mtu ambaye hayamhusu.

Warda alikuja jioni moja na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

"Rudi jikoni," alisema akiwa bado mlangoni. "Supu yangu wanaume wanainywa kama dawa ya minyoo. Juzi imamu aliomba maji mara tatu."

"Umesikia yaliyotokea?"

"Mtaa mzima umesikia. Ibtihal alikuja mwenyewe akasimama katikati ya jiko, akasema ini, akasema homoni, akasema hakula hata maji. Kuna waliolia."

"Na wengine?"

Warda alikunja kitambaa. "Wengine watasema tu, shoga yangu. Ulitaka nikudanganye?"

"Hapana."

"Basi rudi."

"Sifungi, Warda. Sitafunga tena."

"Si ndiyo vizuri? Utaonja umeze. Hakuna mwonjaji bora kuliko asiyefunga."

"Hujaelewa. Ni kumeza ndiko siwezi. Si mbele yao."

Warda alielewa, akaingia akaketi kando yake. Alipoinuka aliliacha bakuli mezani.

Muhsina alikaa siku nyingine nyumbani. Aliwaza ambavyo ingekuwa asiposhuka kabisa: wangesema ana aibu, na aibu ina sababu. Akishuka, ameze, kila jicho litamwona mwanamke aliyekuwa mfano wa saumu akila kabla ya magharibi. Hakukuwa na njia ya tatu. Alivaa kanzu yake ya jikoni, sasa ikimpwaya mabegani, akashuka ngazi polepole akishika ukuta.

Mazungumzo yalikatika, yakaendelea kwa sauti ya chini. Warda alimpa kile kijiko cha mbao, mpini mbele. Muhsina alikichovya. Alikigusisha ulimi, akafumba macho. Kisha, kwa mazoea ya maisha mazima, mwili wake ulijigeuza wenyewe ukaelekea sinki. Alishafungua bomba. Alishainama.

Alisimama hapo, maji yakitiririka, mchuzi ukiwa mdomoni, na nyuma yake visu vyote vilikuwa vimeacha kukata. Alifunga bomba. Akageuka mpaka wote wakauona uso wake, akameza.

Mwanamke mmoja kijana aliangalia pembeni, kama mtu aliyemfumania mwenziwe anabadili nguo. Mama mkwe wa dada yake Ibtihal alikuwa amekishika kitunguu kimoja mikononi, hakimenyi. Hakuna aliyemwomba Muhsina radhi, siku ile wala baadaye. Mchuzi ulishuka ukiwa wa moto, ukafika tumboni, na jua la Juni bado lilikuwa na saa nyingi za kukaa.

"Chumvi imezidi," Muhsina alisema. "Tieni maji, na kiazi kimoja. Sufuria ya pili iko wapi?"